Homa ya Mgunda Lamu: Shajara ya Mradi, Masika hadi Kusi

Aprili 14

Vibali vyote vimo mkononi, friza inagandisha, na wahudumu wa vituo vilivyokubali kushirikiana nasi wamemaliza mafunzo. Kuanzia leo, mtu akija na homa, akapimwa malaria na malaria isionekane, ataelezwa habari za mradi na kuombwa damu kidogo. Tunatafuta homa ya mgunda. Ni ugonjwa wa bakteria wanaoitwa leptospira. Wanyama huwabeba ndani ya figo na kuwatoa kwa mkojo, na mtu huwapata kupitia maji au tope lililochanganyika na mkojo huo, wakipenya kwenye mchubuko wa ngozi, machoni au mdomoni.

Shajara hii naiandika kwa ajili ya watu wa Lamu kwanza. Damu ni yao, na wana haki ya kujua inakwenda wapi na inarudi na jibu gani. Nimekulia mtaa wa Langoni. Kila masika nyumbani kwetu kulikuwa na mtu aliyelala na homa. Dawa ya malaria ikishindwa, watu wazima walisema ni homa ya mvua, wakangoja ipite.

Kisiwa hiki kinajua tayari kwamba homa isiyo malaria si jambo dogo. Mwaka 2004 homa ya maumivu ya viungo iliwalaza watu nyumba kwa nyumba, na maabara ndiyo iliyothibitisha kuwa ni chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Mwaka huohuo Bungoma, magharibi mwa nchi, ilipata mlipuko wa leptospira. Na Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, walitokea wagonjwa wenye homa, uchovu na kutokwa na damu puani. Walipopimwa Ebola na Marburg hawakukutwa nazo, kisha Wizara ya Afya ya Tanzania ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Hadi siku ya tangazo wagonjwa walikuwa 20, na 3 walikuwa wamefariki. Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanataja wagonjwa zaidi ya milioni 1 na vifo karibu 59,000 kila mwaka. Ugonjwa mkubwa kiasi hiki, kutoandikwa kwenye madaftari yetu si ushahidi kwamba haupo.

Aprili 17

Kikao kirefu na wauguzi kuhusu fomu. Umri, kazi, mtaa, maji anayotumia, wanyama anaoshika: hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye mstari wa tarehe ya homa kuanza. Wagonjwa husema "siku kadhaa", au "tangu juzi juzi hivi", na muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni hana nafasi ya kuchimba zaidi.

Muuguzi mkuu wa zamu, mama wa makamo anayeheshimiwa na kituo kizima, aliniambia waziwazi: "Mwanangu, wewe una swali moja, mimi nina watu arobaini wananingoja." Nikamjibu, "Mama, mstari huu ukibaki mtupu, hata ile damu utakayotoa haitatwambia kitu." Tukaketi tukatafuta njia. Mgonjwa aulizwe kama Ijumaa alikwenda msikitini akiwa mzima. Aulizwe kama siku ya mvua kubwa alifanya kazi. Aulizwe kama siku boti ya mizigo ilipofika alibeba. Watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka mambo. Muuguzi anaweza kuirudisha tarehe kutoka kwenye mambo hayo kwa maswali mawili matatu.

Yeye ndiye aliyeongeza mstari ambao sisi wa maabara hatukuwa nao: siku mgonjwa alipomeza dawa ya kwanza, na ni dawa gani. Wengi hupitia duka la dawa kwanza, na antibayotiki za siku mbili zinatosha kuwafagia bakteria kutoka kwenye damu kabla hatujawatafuta. Mstari umeingia kwenye fomu leo hii, juu kabisa.

Aprili 26

Mvua ya usiku kucha. Mitaro ya Langoni imejaa na maji yamepanda vichochoroni hadi vifundoni. Wapagazi na wenye punda wanapita humo humo, wengi wana ndara tu.

Sampuli za kwanza zimeingia. Mmoja ni kijana mwendesha punda, ana homa kali, kichwa kinamgonga, vigimbi vya miguu vinamuuma hata kuguswa hataki, na macho mekundu bila tongo. Mchanganyiko wa macho mekundu yasiyo na tongo na vigimbi vinavyouma ni dalili ya kumfanya daktari asimame na kufikiri. Homa ilianza siku ya tatu kabla ya kufika kituoni, na fomu inasema hivyo. Hajameza chochote ila panadoli.

Hapa ndipo tarehe inapoamua kila kitu, kwa hiyo nieleze kwa kirefu kidogo. Bakteria hawa wakiingia mwilini huogelea ndani ya damu kwa takriban juma la kwanza la ugonjwa. Wakati huo kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vyao, kinaweza kuwakuta. Kuelekea mwisho wa juma hilo mwili huanza kutengeneza kingamwili, yaani silaha zake za kupigana na bakteria hao, bakteria hutoweka kwenye damu, na wanaobaki hujificha kwenye figo na kutoka kwa mkojo kuanzia juma la pili. Kaseti ya haraka ya kidole haitafuti bakteria, inatafuta kingamwili. Ukimpima mgonjwa wa siku ya tatu kwa kaseti utapata mstari mmoja tu, utamwambia huna, naye anao. Na ukimfanyia PCR ya damu mgonjwa wa siku ya kumi na mbili utapata vilevile, huna, naye anao. Vipimo vyote viwili ni vizuri. Kila kimoja kina siku zake.

Basi utaratibu wetu ni huu. Chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo damu yake haigandi, ni ya PCR. Chupa ya kifuniko chekundu ni ya seramu, yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda. Kila mgonjwa anaombwa arudi baada ya wiki mbili kwa damu ya pili, maana kingamwili zikipanda mara nne au zaidi kati ya damu ya kwanza na ya pili, hilo linathibitisha. Kumrudisha mtu aliyepona ndiyo kazi ngumu. Akishapata nguvu yuko baharini au yuko Mokowe, ng'ambo ya bara.

Tumekubaliana na madaktari jambo ambalo naliandika hapa ili lisisahaulike: matibabu hayasubiri maabara. Mwenye dalili za kutiliwa shaka anaanzishwa doksisaiklini, na aliyezidiwa, mwenye manjano au asiyekojoa, analazwa na kupewa sindano za penisilini au seftriaksoni. Figo haziwezi kungoja boti.

Mei 3

Mitego imewekwa. Ni ya kumnasa panya akiwa hai, ya bati inayojifunga yenyewe. Tulianza na chambo kilichoandikwa kwenye miongozo, siagi ya karanga, panya wa Lamu hawakukijali. Kijana wetu wa mitego, ambaye babake ni mvuvi, akaweka kipande cha nazi iliyochomwa na ng'onda iliyosuguliwa ndani ya mtego. Kesho yake asubuhi mitego ilikuwa na panya.

Panya ndiye mwenyeji mkuu wa ugonjwa huu mijini. Yeye haugui. Bakteria hukaa kwenye vijibomba vya figo zake na kutoka na mkojo kwa miezi, pengine maisha yake yote. Jambo hilo si geni: Wajapani Inada na Ido walimtambua bakteria huyu mwaka 1915 kwa wagonjwa miongoni mwa wachimba makaa ya mawe, na kabla ya miaka mingi kupita wenzao wakaonyesha kwamba panya humbeba. Ugonjwa wenyewe wa homa na manjano ulishaelezwa na daktari Adolf Weil huko Heidelberg mwaka 1886.

Kila panya anapumzishwa kwa dawa ya usingizi kama vibali vinavyotaka. Glavu mbili, miwani, barakoa. Figo moja inakatwa kwa wembe safi na kutiwa kwenye spiriti kwa ajili ya PCR. Figo ya pili inapondwa, inachujwa kwa kichujio chenye matundu ya sehemu 0.22 za maikromita, kisha matone machache yanatiwa kwenye EMJH, lishe ya kuoteshea leptospira. Leptospira ni mwembamba kiasi kwamba anapita kwenye kichujio ambacho bakteria karibu wote wengine wanakwama. Hivyo ndivyo tunavyomtenga na uchafu.

Lishe hiyo inawekwa kwenye nyuzi 28 hadi 30, gizani. Sasa ni subira. Bakteria wa kawaida huota usiku mmoja. Huyu huchukua majuma, na chupa haitangazwi kuwa tupu mpaka miezi mitatu au zaidi ipite.

Mei 11

Ramani inatusumbua. Simu inasoma mahali kwa satelaiti, lakini kati ya kuta ndefu za mawe ya matumbawe anga inayoonekana ni ukanda tu, na nukta inaruka kutoka mtaa wa Mkomani hadi katikati ya mlango wa bahari. Nyumba hazina namba wala vichochoro havina vibao.

Tumeacha kuitegemea satelaiti ndani ya mji wa kale. Tumechukua ramani iliyochorwa ya mji, tukaiweka kwenye programu ya bure ya QGIS, na kila mtego na kila mgonjwa anaandikwa kwa msikiti ulio karibu, kisha kwa mtaro unaopita mlangoni na upande unakoelekea maji. Wazee wanajua mitaro yote: wapi unaanzia, wapi unaungana na mwenzake, wapi umezibwa nyumba ilipojengwa. Mzee mmoja wa Mkomani alitutembeza asubuhi nzima na bakora yake akituonyesha. Tulichotoka nacho hakiko kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona.

Na jambo hili lina uzito wa kitabibu. Leptospira huishi kwenye maji yasiyo na chumvi na tope lenye unyevu kwa majuma, lakini ukavu unamuua, klorini inamuua, na maji ya chumvi hayamfai. Sehemu ya mwisho ya mtaro, ile ambayo bahari huingia wakati wa bamvua, si sawa na sehemu ya juu ambayo haijawahi kuonja chumvi. Tukichora mitaro yote kwa rangi moja tutapoteza tofauti hiyo.

Mei 19

Umeme ulikatika tangu alasiri hadi alfajiri. Jenereta imebeba friza. Sampuli zote salama, joto limeandikwa kila nusu saa.

Mei 27

Punda. Lamu bila punda haijengwi nyumba, haibebwi taka, mchanga haufiki, saruji haifiki. Ni maelfu, na karibu kila mtu aliyesikia habari za mradi wetu alinitajia wao kwanza.

Damu ya punda inachukuliwa na daktari wa mifugo, kwa ridhaa ya mwenyewe, wakati punda wanapoletwa kutibiwa vidonda au kupewa dawa ya minyoo. Leo mzee mmoja mwenye punda alikataa. Sikumlaumu. Alisema, "Mwanangu, punda ndiye gari la muyi huu. Yeo ukimtaja kwa ugonjwa, kesho wataniambia nimtoe. Watoto wangu watakula nini?" Nikamweleza kwamba kingamwili kwenye damu ya punda zinasema tu kuwa punda aliwahi kukutana na bakteria, hazisemi kwamba anawamwaga sasa. Nikamwahidi jibu la punda wake atalipata yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba hatutatangaza jina la mtu wala la zizi. Nikamwambia pia kwamba punda mwenyewe huumia: kwa jamii ya farasi na punda bakteria hawa huweza kuharibu mimba, na kwa farasi inajulikana wazi kwamba uvimbe wa jicho unaorudi rudi mpaka upofu una uhusiano nao. Hapo aliuliza, "Hata mato?" Ana punda jike aliyeingia ukungu jicho moja. Jioni alimleta.

Ahadi hiyo nimeiandika kwenye kitabu cha mradi, na kila anayefanya kazi nasi ameisoma na kutia sahihi.

Juni 9

Idd ya kuchinja imepita. Kwa siku zile tulipata figo za mbuzi kutoka kwa familia nyingi waliokubali kututolea kipande, kila kipande kwenye mfuko wake, na jina la mahali mbuzi alikotoka: Hindi, Mpeketoni, Witu, wengine walivushwa kutoka Pate. Nawashukuru wote. Akina mama wa nyumba moja walitukatia wenyewe, wakatuandikia, na wakatulisha.

Mbuzi na ng'ombe nao hubeba leptospira, ingawa mara nyingi si aina ileile ya panya. Zipo aina zaidi ya 250 zinazoweza kuleta ugonjwa, na nyingi zina mnyama ziliyemzoea: Hardjo kwa ng'ombe, Canicola kwa mbwa, Icterohaemorrhagiae kwa panya, Bratislava kwa farasi. Ndiyo maana kusema tu "ana leptospira" hakutoshi kwa anayefuatilia. Inabidi ujue ni yupi.

Juni 20

Chupa moja ya figo ya panya wa Langoni imeota.

Kwa jicho hakuna cha kuona ila pete hafifu ya ukungu, kidogo chini ya uso wa lishe, mahali ambapo hewa inamtosha bila kumzidi. Nilichukua tone nikaliweka chini ya hadubini ya uwanja mweusi. Hadubini ya kawaida haimwoni: upana wake ni kama sehemu 0.1 tu ya maikromita. Kwenye uwanja mweusi mwanga unatoka ubavuni, kila kitu ni giza, na yeye anang'aa.

Walikuwa wengi. Nyuzi nyembamba za fedha, zimesokotwa kwa msokoto mdogo mdogo, ncha zimepinda kama ndoana, zinazunguka palepale kisha zinateleza mbele, zinasimama, zinarudi nyuma bila kugeuka. Nimewaita wote waliokuwamo kituoni waje kuangalia: muuguzi mkuu, mfagizi, kijana wa mitego. Muuguzi mkuu alikaa kwenye jicho la hadubini muda mrefu. Kisha akasema fomu zake zote za mwezi huu atazipitia upya leo usiku, zile ambazo tarehe haikukaa sawa, awapigie wagonjwa simu.

Chupa hii ndiyo mali kubwa ya mradi hadi sasa. Bakteria hai aliyetoka hapa hapa anaweza kutumiwa kupimia damu za watu wa hapa hapa.

Julai 2

Majibu ya PCR yamerudi kutoka maabara ya bara. Sampuli zilivuka kwa boti hadi Mokowe, zikaenda kwa barabara kwenye sanduku la barafu, na kipima joto kilichokuwamo ndani hakikuvuka kiwango.

Kipimo kinatafuta jeni la lipL32, ambalo leptospira wasioleta ugonjwa hawana. Hilo ni muhimu, maana maji na udongo vimejaa leptospira wa kawaida wasiomdhuru mtu. Wagonjwa kadhaa wamekutwa nalo. Kijana mwendesha punda wa Aprili ni mmoja wao. Siku ile ile kaseti yake ilisema hana.

Nimepanga fomu zote mezani kwa siku ya homa. Waliokutwa na bakteria kwa PCR ni wa siku za mwanzo, wote. Baadhi ya walioonyesha kingamwili kwenye kaseti ni wa juma la pili na kuendelea. Na lipo fungu la tatu linaloniuma: fomu zenye tarehe ya kubahatisha, au zisizo na tarehe, ambazo vipimo vyake vyote havikuonyesha kitu. Watu hao siwezi kuwaambia wana wala hawana. Damu yao ilitoka bure. Waliokubali kurudi kwa damu ya pili tutawajibu; waliobaki hatuna la kuwaambia.

Kenya imeshapita njia hii kwa brusela, homa nyingine inayotoka kwa mifugo. Kipimo cha haraka cha antijeni kilichozoeleka vituoni kwa miaka mingi kilikuja kuonekana, kilipolinganishwa na vipimo vya maabara, kwamba kinawaambia watu wengi wana brusela nao hawana, na matibabu yake ni dawa za wiki 6. Sitaki homa ya mgunda ianze maisha yake Lamu kwa kaseti peke yake, bila tarehe na bila damu ya pili.

Julai 15

Tumemaliza MAT, kipimo cha kingamwili, kwa damu mbili mbili za wale waliorudi. Kipimo hiki kimekuwapo tangu mwaka 1918 na bado ndicho kinachotegemewa. Unachukua seramu ya mgonjwa, unaizimua hatua kwa hatua, unaichanganya na leptospira hai wa aina moja moja, kisha unaangalia kwenye uwanja mweusi ni hatua ipi ya mwisho ambapo angalau nusu yao wameshikana au hawaonekani tena wakiogelea. Ni kazi ya macho, na inachosha. Ubao wetu una aina zinazojulikana kupatikana Afrika Mashariki, zikiwamo Sokoine, iliyopatikana Morogoro, na aina inayoitwa Kenya.

Damu ya kwanza ya kijana wa punda haikushika kitu cha maana. Ya pili imeshika kwa nguvu, zaidi ya mara nne. Kwake yeye PCR na MAT vinasema jambo moja, na siku kwenye fomu inaeleza kwa nini kaseti ilinyamaza.

Lakini MAT ya pili ilishika aina kadhaa kwa pamoja, kundi la Icterohaemorrhagiae likiwa juu. Mtu anaweza kuishia hapo na kuandika "panya". Haifai. Mwanzoni mwa ugonjwa kingamwili hushikana na makundi mengi, na kundi linaloshika kwa nguvu zaidi si lazima liwe ndilo lililomwambukiza. MAT inathibitisha ugonjwa vizuri kuliko inavyomtaja mwenye ugonjwa.

Punda: wachache wana kingamwili, na zaidi ni kwa kundi la Australis, ambalo ndimo Bratislava ilimo. Mzee wa punda jike nimemfuata nyumbani kwake kumpa jibu kama nilivyoahidi, kabla ya kuandika mstari huu. Ameniruhusu niandike.

Julai 29

Vinasaba vimesomwa. Kipande cha jeni la secY kutoka damu ya kijana, na kipande hicho hicho kutoka panya walionaswa karibu na zizi lake, havitofautiani hata herufi moja. Ni Leptospira interrogans. Figo za mbuzi mbili tatu zilizokutwa na kitu zina Leptospira borgpetersenii, spishi nyingine kabisa.

Naandika kwa uangalifu. Kipande kimoja cha jeni ni kifupi, na L. interrogans wa panya wamesambaa bandari nyingi duniani wakifanana sana. Kufanana kwa kipande hiki hakuthibitishi kwamba panya yule ndiye aliyemwambukiza kijana yule. Kunasema kwamba bakteria waliomfanya yeye augue na waliomo kwenye panya wa mtaani kwake hatuwezi kuwatenganisha kwa kipimo hiki, na kwamba wa mbuzi tunaweza kuwatenganisha naye. Ili kusogea zaidi tutahitaji jeni saba, au vinasaba vyote kutoka kwenye chupa zilizoota.

Kwenye ramani, panya wenye bakteria wamejikusanya mahali pawili: sehemu za juu za mitaro miwili isiyofikiwa na maji ya bamvua, na kandokando ya mazizi mahali pumba za punda zinapowekwa. Nilikwenda kuangalia. Pumba zimo kwenye magunia yaliyo wazi, chini, ukutani, na vinyesi vya panya vimejaa nyuma yake. Kijana hulala karibu na hapo, hufagia hapo kila alfajiri bila viatu, na miguu yake ina michubuko ya mawe.

Agosti 6

Kikao na wenye punda, wafagia mitaro, wachinjaji na wazee wa mtaa, barazani, baada ya alasiri. Nimewaonyesha ramani kubwa iliyochapishwa, bila majina. Nimesema tulichokiona na nikasema kinakomea wapi.

Mzee wa punda jike ndiye aliyezungumza kwanza. Aliwaambia wenzake kwamba punda hatolewi na mtu, panya ndiye wa kutolewa, na pumba zikae kwenye mapipa yenye vifuniko. Baadhi wameshapata mapipa ya plastiki kutoka kwa wajenzi. Wafagia mitaro wameomba mabuti na glavu za mpira, na ombi hilo limeandikwa na kupelekwa kaunti likiwa na ramani. Mfagia mmoja aliuliza kama anaweza kumeza doksisaiklini kabla ya kuingia mtaroni. Nimemwambia suala la dawa ya kinga ni la daktari, si la kununua dukani, na nimempangia siku ya kuonana na daktari.

Mama mmoja aliuliza kuhusu birika la kuhifadhia maji la nyumbani kwake lenye samaki wa kula viluwiluwi. Birika lililofunikwa, lisilopokea maji ya barabarani na lisilofikiwa na panya, halimtishi mtu. Tutakuja kuliangalia lake pamoja na kuchukua maji.

Agosti 13

Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wamekubali kujiunga kabla ya vuli. Boti ya kutoka huko huondoka kwa kufuata maji, kwa hiyo ratiba ya kuchukua sampuli itafuata jedwali la maji kujaa, si saa za ofisi.

Kwa wahudumu wa vituo vipya: damu ya kifuniko cha zambarau isigandishwe kwenye friza, ikae kwenye baridi ya friji na itufikie ndani ya siku moja. Seramu itenganishwe kabla ya kusafirishwa. Mkojo msiuweke, uchachu wake unawaharibu bakteria haraka na njia ni ndefu. Namba ya fomu iandikwe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika, maana barafu huyeyuka na karatasi hubanduka. Siku ya homa kuanza na siku ya dawa ya kwanza zijazwe mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yenu. Fomu isiyo na tarehe hizo mbili itarudi na boti ileile pamoja na simu yangu, tumtafute mgonjwa tumuulize.